Lori la Mama Ridhwan

3 Juni

Naandika kwa sababu nisipoandika nitasema, na nikisema nyumba itabomoka. Naandika kwa Kiswahili kusudi. Binti yangu Tasnim ana miaka kumi na sita na Kiswahili chake ni cha masikio tu, akiona ukurasa mzima hukimbia. Mume wangu Shamte hasomi kitu kisichokuwa na muhuri wa serikali. Kwa hiyo hapa kwenye karatasi niko salama kuliko jikoni kwangu.

Habari yenyewe ni hii. Mwanangu wa kwanza, Ridhwan, aliacha masomo ya uuguzi mwezi wa nne akaenda zake Houston, mbali nasi ila Texas hii hii, kujifunza udereva wa malori. Hakumuuliza mtu. Shamte ameendesha malori nchi hii mpaka mgongo ukamkatalia, sasa anakaa ofisini kuwapangia wenzake safari, na neno lake siku zote ni kwamba yeye alikaa kwenye usukani ili mwanawe asikae. Siku Ridhwan alipopiga kusema ameshafika Houston, Shamte alinifuata chumbani akafunga mlango. Akasema, "Mashavu, ukimpigia simu yule mtoto, au ukipokea yake, kabla hajarudi darasani, basi talaka yako hiyo."

Alikuwa na hasira, najua. Lakini talaka haiulizi kama ulikuwa na hasira au ulikuwa umeshiba. Nilimwona uso ulivyombadilika neno lilipomtoka. Alitaka kulimeza na halikumezeka. Tangu siku hiyo hatujalitaja, na watoto hawajui. Mama gani atamwambia mwanawe kwamba baba yake ameitundika ndoa kwenye simu?

Ridhwan alinipigia wiki ile ile. Niliitazama simu ikilia juu ya meza mpaka ikanyamaza. Kesho yake akapiga tena, nikaitazama tena. Kisha akaacha. Amemwambia Tasnim kwamba mama amechagua upande.

WhatsApp nayo ni simu. Kamba hii sitaki kuichezea.

6 Juni, Idi

Nimepika pilau kama tuko wote. Tasnim akaja jikoni na simu mkononi. "Ma, Ridhwan says Eid Mubarak. To everybody."

Nikamwambia everybody amesikia.

8 Juni

Nilimuuliza Tasnim amejuaje kaka yake mzima. "He's online, Ma. Kila siku akitoka shule ya malori ana-play ile gemu yake." Akanionyesha kwenye simu yake: orodha ya majina, na pembeni ya jina la Ridhwan kitone cha kijani. Kikiwa kijani yuko hewani. Kikiwa cha kijivu hayuko.

Gemu yenyewe ni ya kuendesha malori. Mtoto anashinda akijifunza lori na akirudi nyumbani anapumzika kwa lori. Watu huendesha pamoja kwa msafara, kila mtu kwenye kompyuta yake, na pembeni wanaandikiana maneno.

"Mtu yeyote aweza kuingia?"

"If you have a good PC. Why?"

Nilikuwa naosha sufuria na kichwa kinafanya kazi yake. Shamte alikataza simu. Gemu hakuitaja.

9 Juni

Kompyuta ninayo. Nyumba ya wazee ninakofanya kazi ilibadilisha kompyuta za ofisi, na kuukuu zikagawiwa wafanyakazi. Yangu ilikuwa chini ya mashuka tangu majira ya baridi. Laptop nyeusi, nene, ya kiofisi, ina kibandiko cha mali ya kampuni ambacho hakibanduki hata kwa mafuta ya taa. Nimeiwasha. Imechukua muda wa mimi kuchambua mchele wote, ndipo ikanikaribisha.

12 Juni

Nimempelekea Kipngeno. Ni Mkenya mwenzetu, anatengeneza kompyuta sebuleni kwake mtaa wa pili, na ana desturi ya kupuliza pumzi kabla ya kukupa habari mbaya. Aliifungua kwa bisibisi ndogo, akaipekua kama daktari wa meno.

"Mama Ridhwan, hii ni ya nini? Kazi ama school?"

"Mawaidha na mapishi," nikasema. Kisha nikaona haya. "Na gemu ya malori."

Alipuliza pumzi. "Sawa. Hapa memori ni kidogo, lakini kuna nafasi moja iko wazi, tuta-add. Disk nayo ni ndogo, tutaweka kubwa. Hiyo itakuwa fiti. Sasa graphics, hicho kitu cha kuchora picha, hicho kimechomelewa kwa board. Hakitoki. Utakaa nacho hivyo hivyo."

"Kama mume," nikasema.

Alicheka mpaka akaangusha skrubu, tukaitafuta chini ya kochi wote wawili.

15 Juni

Memori imeingia, diski mpya imeingia, na Kipngeno ameweka Windows upya kabisa. Inawaka kabla sijamaliza bismillahi. Nilifurahi kwa dakika moja. Alipoiunganisha na intaneti, kioo kikaandika jina la kampuni yetu ya wazee na kudai barua pepe ya ofisi. Kipngeno akasema kufuta hakusaidii, mashine imeandikishwa kwao huko juu, na mpaka ofisi yenyewe iiachie itakuwa inaomba hivyo hivyo milele.

Maskini laptop. Imetolewa nje na bado haijaachwa.

16 Juni

Nimemwambia Sheldon, kijana wa kompyuta wa ofisini. Akasema nifungue tiketi, yaani niandike ombi la msaada kwenye mtandao wa ofisi. Nikafungua tiketi.

19 Juni

Joto. Tiketi iko wazi.

23 Juni

Tasnim anasema Ridhwan amefaulu mtihani wa kuandika. Wa barabarani bado. Nilimwambia Shamte wakati wa chakula, kama mtu anayesoma habari ya hali ya hewa. Aliendelea kutafuna. Kisha akauliza, "Kurudi nyuma wamemfundisha?"

"Sijui. Mimi siongei naye."

Akaacha kijiko. Nilitaka aendelee kuuliza ili nipate kumjibu vibaya zaidi. Hakuuliza.

26 Juni

Sheldon yuko likizo.

2 Julai

Sheldon amerudi, mwekundu kama kaa wa kuchemsha. Nikasimama mlangoni kwake na birika la chai ya tangawizi na mahamri niliyoamka nayo alfajiri. Tiketi zimeumbwa na Wazungu lakini tumbo ni la watu wote. Aliiachia laptop yangu akiwa na hamri mdomoni.

5 Julai

Gemu imeingia. Kipngeno akaniwekea kila kitu, akaniwekea na gunia la maagizo: hakikisha chaja iko, maana kwa betri inalegea, usifungue mambo mengine, usiiweke kitandani. Tukaifungua.

Jamani. Lori lilikuwa linaruka kama picha za kuchorwa kwa mkono, moja, halafu nyingine, halafu kimya. Nikikata kona, kona ilikuwa imeshapita.

Kipngeno akaanza kupunguza. Akaondoa vivuli. Akaondoa mng'aro wa maji. Akaondoa majani, kisha miti, kisha watu wa kando ya barabara. Kila alichoondoa, lori likatembea vizuri zaidi. Mwisho ikabaki barabara, ardhi kavu na mbingu.

"Ni Texas tu sasa," akasema.

Nikamwambia inatosha. Mimi sikwenda kutazama miti.

7 Julai

Feni inalia kama kishada kwenye upepo. Baada ya kitambo laptop ikawa ya moto kiasi cha kupigia pasi, kisha ikazima yenyewe. Kipngeno ameisafisha vumbi na kuipaka ile dawa yake ya kupozea. Inavumilia zaidi, lakini ikizidiwa inazima. "Hii iliumbwa kuandika barua," akaniambia. "Tunaibebesha mawe." Nimeiweka juu ya waya wa kupozea keki, mbele ya tundu la AC. Shamte hurudi magharibi. Mimi hutoka kazini mchana. Katikati hapo ni wakati wangu.

9 Julai

Mazoezi. Nimegonga kituo cha mafuta.

10 Julai

Nimegonga kile kile.

12 Julai

Leo nimeingia kwenye msafara wake. Nina haja ya kuandika pole pole.

Nilikusudia kwenda kimya. Niwe lori mojawapo nyuma kabisa, nimwone anavyokwenda, basi. Mama anayechungulia dirishani tu. Tasnim alikuwa pembeni yangu, anakula zabibu, ndiye aliyenionyesha pa kuingilia. Malori manne yalikuwa yamepanga kituoni na juu ya kila lori jina la mwenyewe linaelea. La mbele kabisa, la buluu: Ridhwan. Moyo ulinipiga kama msichana.

Nikajisogeza nyuma. Mara maneno yakaanza kupanda pembeni ya kioo, mengi, na vijisura vya kucheka. Tasnim akaacha kutafuna.

"Ma. What's your name?"

"Mashavu."

"No. In the game. Ulijiandika nani?"

Nikatazama juu ya lori langu. Limeandikwa MAMA RIDHWAN, herufi kubwa, kila mtu anaona.

Gemu iliniuliza jina siku ile ya kwanza, nami nikajaza. Tangu azaliwe huyu mtoto mimi sina jina jingine. Majirani, jamaa, msikitini, Kipngeno, baba yake mwenyewe akiwa na furaha, wote wananiita hivyo. Mtu akiniuliza jina mkono unaandika hilo kabla ya kichwa. Nimekwenda kujificha nimevaa jina lake.

Rafiki zake wakawa wanaandika, mmoja Mtanzania akasema "shikamoo mama, karibu msafarani." Nikamngoja Ridhwan. Yeye ndiye mdogo, salamu ni yake. Nilingoja na vidole juu ya herufi. Lori la buluu likasimama pale pale, halafu likatoweka. Kitone kikawa cha kijivu.

"He's just embarrassed," Tasnim akasema.

Nilifunga laptop. Nilikwenda kukuna nazi ambayo siihitaji, na nililia, na sitaki kusingizia vitunguu hapa.

14 Julai

Kijivu.

15 Julai

Kijivu. Nimeingia kuendesha peke yangu. Mfa maji haachi kutapatapa.

18 Julai

Kibibi mmoja kule kazini, kumbukumbu zimemtoka, hunishika mkono kila asubuhi akaniuliza mwanangu atakuja lini. Anauliza wa kwake. Huwa namwambia yuko njiani. Leo nilishindwa kusema.

21 Julai

Kijani.

Nilikuwa kituoni, nafikiria kama nibadilishe jina, na lori la buluu likaja likasimama mbele yangu. Hakuandika kitu. Akawasha taa zote mbili za pembeni zikawa zinapepesa, akaanza kwenda pole pole. Nikaelewa nimfuate. Kila nilipobaki nyuma alipunguza mwendo. Nilipoingia mtaroni alisimama akaningoja nitoke.

Tulikwenda hivyo mpaka laptop ikazima kwa joto. Mimi na mwanangu, na barabara isiyokuwa na mti hata mmoja. Alhamdulillahi.

25 Julai

Leo ameandika. Neno moja: "Shikamoo."

Nikaandika kwa kidole kimoja "Marahaba mwanangu" na lori likapanda ukuta. Sikujali.

30 Julai

Ameandika, "Mama, mbona ulikuwa hupokei simu?"

Rafiki zake wote wanasoma pale. Nimweleze nini, na mbele ya nani? Niandike neno talaka kwenye gemu, Mtanzania yule aliyenipa shikamoo alisome? Nikaandika "Nitakueleza siku moja." Nilikuwa bado natafuta neno la kufuatisha, laptop ikazima. Nikaitia kifuko cha barafu chini, nikaipepea kwa gazeti, nikaisomea. Ilipowaka alikuwa ameshaondoka.

Sasa atadhani nilimkimbia. Kila nikifungua mlango mmoja, mwingine unajifunga wenyewe.

6 Agosti

Hajaandika tena. Anapepesa taa, ananingoja, anasonga. Adabu anayo, ila ni ya mtu na mama wa mwenzake.

11 Agosti

Nimemuuliza Kipngeno kama kuna namna yoyote ya kuitia nguvu zaidi. Akapuliza pumzi. Akasema tumeshafanya kila kinachofanyika, memori, diski, mipangilio, usafi, na sasa hii ndiyo yeye. "Ukitaka zaidi ya hapa unanunua nyingine."

Nilirudi nyumbani naichukia ile laptop, kisha nikaionea huruma. Si kosa lake kwamba iliumbwa kwa barua.

15 Agosti

Tasnim amerudi shule. Nyumba kimya. Mimi sijui kurudi nyuma na tela. Msafara ukifika, kila mtu huingiza tela lake kwenye nafasi yake kwa kinyumenyume, na mimi hubaki barabarani nimekaa mshazari kama samaki kwenye sahani ndogo. Siku hizi Ridhwan huniandikia hilo tu, "Acha hapo hapo mama."

19 Agosti

Leo Shamte amerudi mapema. Sikumsikia. Nilikuwa nahangaika na tela, nakata kushoto linakwenda kulia, na nyuma yangu sauti ikasema, "Usukani kinyume. Unakotaka tela liende, wewe peleka mkono kinyume chake."

Nikashtuka nusura niangushe meza. Alikuwa amesimama na mkoba wake wa chakula mkononi. Akatazama kioo. Jina langu liko juu ya lori langu, na mbele ya lori langu jina la mwanawe.

Nilingoja aseme. Nilikuwa tayari, majibu nimeyapanga tangu Juni.

"Chakula ni nini?" akauliza.

"Wali na samaki."

Akaenda kutawadha.

20 Agosti

Hajasema kitu. Mimi pia. Lakini leo asubuhi nimekuta mtu ameinua ule waya wa keki kwa vipande viwili vya mbao, hewa ipite chini.

27 Agosti

Wametangaza kimbunga kinakuja Houston. Ridhwan aliandika kwenye msafara, "Usijali mama, tuko ghorofani." Nikamwambia anunue maji. Akasema ameshanunua.

28 Agosti

Kimeingia alfajiri. Kitone kijivu.

29 Agosti

Umeme Houston hakuna. Tasnim anampigia, simu haiiti kabisa, wala ya mwenzake anayekaa naye. Sikwenda kazini. Naikodolea macho orodha ya majina.

30 Agosti

Leo nitaandika yote maana sina pengine pa kuyaweka.

Shamte hakulala vizuri. Asubuhi akavaa viatu, akachukua funguo za gari, akasimama mlangoni. Nikadhani anakwenda kazini. Akasimama pale hata AC ikaanza kulalamika kwa mlango wazi. Kisha akarudi akakaa.

"Haipitiki," akasema. "Nimewarudisha madereva wangu wote tangu jana. Njia kuu ya Houston ina maji. Ile ya pembeni ina maji. Kuna pahala daraja limefungwa."

Huyu ni mtu ambaye kazi yake ni kujua kila njia ya jimbo hili. Akaanza kuzitaja, moja moja, na mbele ya kila moja akasema imefungwa. Sijapata kumwona mtu aliyejua mengi namna ile yasimfae kitu.

Tasnim akatoka chumbani. "Still nothing. It goes straight to voicemail." Alikuwa na macho mekundu. Akamtazama baba yake, na leo kwa mara ya kwanza akamsemeza kwa Kiswahili bila kulazimishwa. "Baba, umefurahi sasa?"

Nilitaka kumkemea. Nikamwacha.

Shamte akainamisha kichwa. Tasnim alipotoka, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ile taa yake. Haijawaka?"

"Haijawaka," nikajibu.

"Tangu lini wajua?" nikamuuliza. "Kuhusu gemu."

"Tangu mwezi wa saba. Umeme umepanda, na nyumba yanuka plastiki ya moto. Nikamuuliza Kipngeno pale kwenye maegesho ya msikiti, alipokuwa amemleta rafiki yake. Akaniambia." Akajikuna kidevu. "Nikasema uendelee tu. Si simu."

Si simu! Kumbe mume wangu amekaa miezi akiomba nimpate mwanawe kwa njia ambayo haitamlazimu kuomba radhi. Hapo ndipo nilipopasuka.

"Shamte, wewe uliniapia talaka. Kamba ukanifunga mimi. Nimeiangalia simu ya mwanangu ikilia juu ya meza hii hii, na mkono wangu nimeushika kwa mkono mwingine. Mtoto anaamini nimemtupa. Nimejifunza kompyuta, nimejifunza lori, nimewapikia Wazungu mahamri, ili nimwone tu akipita. Sawa. Mimi nilifungwa. Wewe ulifungwa na nani?"

Akazigeuza funguo za gari mkononi.

"Simu yako ina kiapo gani? Mdomo wako una kiapo gani? Siku zote ulizojua nagonga vituo vya mafuta, nani alikuzuia kubonyeza nambari ya mwanao?"

Uso wake ulikuwa ule ule wa chumbani siku ile, wa mtu anayetaka neno lirudi. Maji yakimwagika hayazoleki, mama yangu alikuwa akisema, na mimi huwa namalizia kimoyomoyo kwamba hata hivyo mtu huchukua kitambaa.

"Nilimwambia asinipigie mpaka arudi darasani," akasema mwisho. "Nikaona nikipiga mimi, itakuwa nimesema uongo maisha yangu yote."

Nilimhurumia, na nilikuwa bado na hasira, vyote kwa pamoja. Tukakaa sebuleni hata giza likaingia, televisheni inaonyesha paa za nyumba za watu zikielea. Kila mmoja wetu akawa anainuka kwa zamu kwenda kuitazama laptop, kama watu wenye mgonjwa chumba cha pili.

31 Agosti

Kijivu.

1 Septemba

Kijivu. Watu wa Houston mtandaoni wanasema umeme unarudi mtaa kwa mtaa. Shamte amesali sala zote msikitini leo.

2 Septemba

Kijivu. Sina la kuandika.

4 Septemba

Ilikuwa alasiri. Shamte hakwenda kazini. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga kitu sikumbuki nini. Akaniita kwa jina langu lenyewe, Mashavu, lakini sauti ilivunjika katikati. Nikakimbia na mwiko mkononi.

Kijani.

Nikakaa. Nikabonyeza vibaya, lori likawaka na kuzima. Lori la buluu lilikuwa kituoni, peke yake, hakuna msafara, wenzake bado hawana umeme. Ameingia mtu mmoja tu. Ameingia kunitafuta mimi.

"Mama niko salama. Simu iliingia maji. Umeme umerudi saa hii. Twende?" akaandika.

Sikuweza kuandika. Machozi yalikuwa yamefunika herufi zote. Nikajaribu kulitoa lori, likagonga nguzo, nikarudi, tela likakaa mshazari, nikakata huku, likaenda kule.

"Ondoka," Shamte akasema. "Ondoka waharibu gia."

Hakuna gia. Ni laptop ya ofisi. Lakini nikaondoka.

Akakaa. Akaweka vidole juu ya herufi, akavijaribu kimoja kimoja, kama anavyojaribu breki. Kisha akalirudisha lori nyuma kidogo, akalinyoosha, akasogeza mbele, na tela likamfuata kama mbuzi aliyefundishwa. Akamfikia Ridhwan, aliyekuwa ameshatangulia barabarani. Akapepesa taa mara mbili. Mbele yetu lori la buluu likapepesa. Feni ilishaanza kulia. Nikachukua gazeti nikawa napepea.

Walikwenda mpaka ghala la mwisho. Ridhwan akaingiza lake. Nafasi iliyobaki ilikuwa kona mbaya, ukuta huku na lori la mtu huku, pale ambapo mimi huachwa barabarani. "Acha hapo hapo mama," akaandika.

Shamte hakuacha. Akapita nafasi, akasimama, akakata kinyume, akaanza kuliingiza. Hakusimama hata mara moja. Nilimwona mgongo wake umenyooka, ule mgongo mbovu, na mdomo anauminya upande kama zamani akiegesha nyumbani na Ridhwan mdogo amesimama kwenye majani akimpungia mikono, baba njoo, baba njoo, baba simama. Tela likaingia katikati ya mistari miwili.

Kisha maneno yakapanda.

"Mama hajui kurudi nyuma."

Kisha:

"Baba?"

Shamte akainua mikono juu ya herufi. Hajui kuandika kwa kompyuta haraka, na nilimwona anatafuta herufi ya kwanza, macho yanazunguka. Alipoipata, kioo kikawa cheusi.

"Imezima," akasema.

"Ni joto."

"Iwashe!"

"Mpaka ipoe, Shamte. Haiwaki mpaka ipoe."

Akaibonyeza hata hivyo. Akaibonyeza tena. Akaiinua akaitazama chini, akaipuliza, mzee mzima, anapuliza laptop kama mtoto aliyeunguzwa na uji. Memori, diski, dawa ya kupozea, mbao zake mbili, vyote pale, na kioo cheusi kinatuonyesha sisi wenyewe wawili tumeinama. Mwanetu yuko ng'ambo ya kioo hicho, ameuliza swali, na sisi tumenyamaza tena.

Shamte akaiweka chini taratibu. Akatia mkono mfukoni akatoa simu yake. Akaifungua, akatafuta, kidole kikasimama.

"Niliifuta," akasema. "Nambari yake."

"Simu yake iliingia maji."

"Wenziwe? Yule anayekaa naye?"

Tasnim alikuwa mlangoni, sijui tangu lini. Akaja na simu yake, akaishika mbele ya macho ya baba yake, nambari ya mwenzake Ridhwan iko wazi. Shamte akavaa miwani. Akabonyeza tarakimu moja moja, akizisoma kwa sauti, akakosea, akafuta, akaanza tena. Kisha akaiweka mezani, sauti juu, ikawa inaita. Ni meza ile ile.

Mimi niliikalia mikono yangu yote miwili.

Ikapokewa. Shamte akasema, "Nipe mwanangu."